Niache kufua shaba ili niwe mtengenezaji programu kamili?

Swali: Yaya, salamu. Nina miaka 26, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Huu ni mwaka wangu wa pili naandika programu katika kampuni ndogo ya mjini. Tuko wanne pamoja na bosi. Kila Jumamosi nashinda kwenye karakana ya mjomba wangu, tunafua picha kwenye mabamba ya shaba. Wenzangu wananicheka. Wanasema siku hizo ningejifunza lugha mpya za programu, ningekuwa mbali. Mmoja anasema, kama siwezi kuiacha shaba, basi niigeuze iwe programu ya simu ya kuuzia sanaa. Tena kuna nafasi imefunguka kwenye idara ya kompyuta ya kampuni moja ya madini, mshahara karibu mara mbili ya wangu. Njia ya kazi hii inaelekea wapi hasa? Na Jumamosi zangu nizifanyeje?

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu ukayafunga kwa kamba moja. Nitaanza na la madini, kwa sababu nafasi ya kazi haingoji mtu. La Jumamosi litakuja baadaye, ingawa ndilo lililonifanya nikae kukujibu usiku huu badala ya kulala.

Mshahara mara mbili si jambo la kudharau. Mwenye nyumba hapokei hekima, anapokea dola. Ila kabla hujatia sahihi, waulize swali moja: programu mnayoitumia iliandikwa na nani, na mimi nikiona kosa ndani yake, nitaruhusiwa kubadili hata mstari mmoja? Mwangalie usoni anayekujibu. Kampuni kubwa za madini zinaendesha hesabu zao kwa mifumo mizito iliyonunuliwa, SAP na ndugu zake, na mara nyingi funguo za mifumo hiyo hazikai huku. Mtu wa hapa anaajiriwa kwa jina la mtengenezaji programu, kisha anakuta alichobakiziwa ni printa, nenosiri zilizosahauliwa na waya zilizotafunwa na panya. Mimi nilipitia hapo. Mwaka 2007 na 2008 beji yangu ilikuwa na cheo kirefu kuliko jina langu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuvuta karatasi zilizokwama kwenye printa ya ghorofa ya pili. Msimbo wote nilioandika katika muda huo ungeenea kwenye mojawapo ya karatasi hizo. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ikaporomoka duniani, kampuni nyingi za Katanga zikasimamisha kazi, na beji nikairudisha.

Lakini usinielewe vibaya, sisemi usiende. Pembeni ya ile mifumo mikubwa kuna kazi tamu kabisa. Chukua mizani ya malori. Lori linapimwa likiwa limejaa, linapimwa likiwa tupu, unatoa, unapata uzito. Mtoto wa darasa la nne anaiweza hesabu hiyo. Sasa lori limebeba nini? Kama ni kathodi, yale mabamba ya shaba iliyosafishwa mpaka asilimia 99.99, umemaliza. Kama ni unga wa madini, konsantre, ndani yake mna maji, na hakuna mtu anayelipia maji. Maabara inachukua sampuli, inaikausha, inatoa asilimia ya unyevu. Ndipo unajua uzito mkavu, na asilimia ya shaba inapigwa juu ya uzito huo mkavu, si ule wa mizani. Jibu la maabara linakuja nyuma, lori limeshapanga foleni mpakani Kasumbalesa. Kwa hiyo programu yako inapaswa kukubali kwamba namba ya leo ni ya muda, kwamba itasahihishwa, na kwamba ile ya kwanza haifutwi, maana kuna karatasi ya forodha iliyokwisha kuandikwa kwa namba hiyo hiyo. Kijana aliyeielewa mizani vizuri anaheshimiwa hata na wahandisi. Kama nafasi yako iko karibu na mizani, maabara au ghala la vipuri, nenda. Kama iko karibu na printa, ama wapandishe bei, ama ubaki ulipo.

Njia ya kazi yenyewe, watu wanapenda kuichora kama ngazi. Unaingia mwanagenzi, unakuwa wa kati, unakuwa mkubwa, mwisho mkuu wa idara mwenye gari la kampuni. Katika mji wetu ngazi hiyo ina vipande viwili tu. Idara nyingi zina watu watatu, na mkuu wao hana mpango wa kuondoka. Mimi napima kwa kitu kingine: programu uliyoiandika imekaa muda gani mikononi mwa watu, huku wewe ndiye unayepigiwa simu ikikosea? Una miaka miwili kazini. Ipo programu yako hata moja yenye umri huo, ambayo bado unaijibia?

Yangu ya kwanza ya namna hiyo niliiandika mwaka 2010, kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi: simenti, misumari, mabati, rangi. Bei zake aliziweka kwa dola, wateja wengi wakilipa kwa franki, na wengine walilipa noti ya dola wakarudishiwa chenji ya franki, biashara moja ikawa na sarafu mbili. Nikatengeneza sehemu ya kiwango cha siku. Kila asubuhi binti yake aliingiza kiwango alichokipata kwa makambisti, wale wabadilisha pesa wa barabarani, na programu ikageuza bei zote. Tulifurahi sana. Mwezi wa tatu mzee akaniita, akaniuliza: mwanangu, mwezi wa kwanza niliuza franki ngapi? Nikafungua ripoti, nikamsomea. Akatoa kikaratasi mfukoni. Wiki iliyopita alikuwa ameisoma ripoti hiyo hiyo, ya mwezi huo huo, akanakili namba. Hazikulingana.

Unaona kilichotokea. Kila kiwango kipya kilipoingia, programu ilirudi nyuma ikayapiga mauzo yote ya zamani kwa bei ya dola ya asubuhi hiyo. Nilikuwa nimemwandikia mzee mashine ya kubadilisha yaliyopita, na kwa miezi mitatu hakuna aliyegundua, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kutogundua. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kiwango kiandikwe pamoja na kila biashara, siku ile ile, kisha kisiguswe tena. Mistari michache. Lakini hakuna kozi iliyonifundisha, kwa sababu kozi zote nilizosoma ziliandikwa na watu wanaolala na kuamka na sarafu moja.

Tulipomaliza hilo, likaja la TVA, kodi ya ongezeko la thamani. Tarehe 1 Januari 2012 kodi hiyo ya asilimia 16 ikaanza nchi nzima, nami nilikuwa nimeandika bei kama namba moja isiyogawanyika. Ikabidi kila mahali ikatwe vipande viwili, bei na kodi. Septemba mwaka huo huo OHADA, mkataba wa sheria za biashara za pamoja wa nchi kadhaa za Afrika, ukaanza kutumika kwetu, na mhasibu wa mzee akaanza kunizungumzia mpango wa hesabu wa SYSCOHADA, ambao nilikuwa nikiusikia kama jina la dawa. Hapo pia ndipo nilipoelewa kwa nini pesa haziwekwi kwenye namba za kawaida za desimali za kompyuta. Iambie ijumlishe 0.1 na 0.2, lugha nyingi zitakujibu 0.30000000000000004. Ndani yake inahesabu kwa msingi wa mbili, na sehemu moja ya kumi haina mwisho katika msingi huo, kama vile theluthi kwetu ilivyo 0.333 mpaka uchoke. Kosa dogo kama chembe ya mchanga. Jumlisha bili elfu kumi zenye chembe hizo, uone mhasibu anavyokesha kutafuta senti. Andika senti nzima nzima, ulale.

Kisha majina. Kwenye kazi nyingine nilikuta mfumo wa wafanyakazi ulionunuliwa ng'ambo, wenye visanduku viwili: jina la kwanza, jina la ukoo. Sisi tuna matatu, jina, postnom (jina linalolifuata, la mababu) na prenom (la kizungu). Tangu mwaka 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya kizungu, watu walijazia nafasi kwa majina ya mababu; ya kizungu yalirudi baadaye na ya mababu hayakuondoka. Chukua mtu anayeitwa Ilunga Kalenga Jean. Karani mmoja ameandika Jean Ilunga, mwingine Jean Kalenga, wa tatu ameunganisha yote kwenye kisanduku kimoja. Mtu mmoja amekuwa watatu, na kompyuta iko tayari kuwalipa wote watatu.

Na saa. Sisi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, kila mtu analijua hilo anapompigia simu shangazi yake. Nilikuwa na mteja mwenye mabaa, seva yake ikiwa Kinshasa, inafunga hesabu ya siku usiku wa manane wa huko. Wakati huo huku kwetu saa nzima ya siku mpya imeshapita, na kwa baa ya Lubumbashi saa hiyo ndiyo ya mauzo. Kila usiku pesa za saa hiyo ziliingia siku ya jana, na kila asubuhi meneja akimtuhumu mhudumu wa kaunta. Mhudumu hakuwa ameiba hata chupa. Nilipolipata kosa, nilimfuata nikamwomba radhi mimi, maana bosi wake hakufanya hivyo.

Sikuelezi haya kwa kujisifu. Hesabu mwenyewe uone, ni aibu tupu. Lakini kila moja ilinikuta kwa sababu nilikaa. Nasoma CV za vijana wanaohama kila baada ya miezi minane: programu kumi, zote changa, hakuna hata moja iliyowahi kuwaaibisha, kwa sababu waliondoka kabla. Ndiyo maana, kama bosi wako wa sasa anakuachia programu moja uilee, mimi ningekaa naye miaka miwili zaidi hata kwa mshahara mdogo. Kama kila mwezi anakuhamishia kwa mteja mpya na simu za zamani anazipokea yeye, hapo hufundishwi kitu, ondoka.

Lugha za programu nazipitia haraka. Wenzako wanazihesabu kama mtu anavyohesabu viatu. Jua moja vizuri mpaka uote ndotoni. Ya pili utaisoma kwa wiki chache ukihitaji. Jua SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwa kina, si kwa kubahatisha: ilizaliwa ndani ya IBM mwaka 1974, imewazika wapinzani wake wengi, na hifadhidata ya karibu kila duka, benki na hospitali bado inaongea hiyo. Jua Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ambayo kwa mji wa delestaji, umeme kukatwa kila mara, ni zawadi, maana historia yote ya kazi yako inakaa kwenye mashine yako na unaweza kuendelea kuhifadhi mabadiliko hata mtandao ukiwa umekufa tangu asubuhi. Kiingereza cha kusomea maelezo, lazima. Uhasibu kidogo, wa SYSCOHADA, utakulisha kuliko lugha tatu mpya, kwa sababu wanaoandika programu mjini ni wengi, waliotoka chuo kikuu cha UNILU, waliotoka chuo cha kompyuta cha Salama, waliojifunza wenyewe kwenye simu. Wanaoweza kukaa na mhasibu saa moja bila kusinzia ni wachache. Na isome Sheria ya Dijitali ya Machi 2023, hasa sehemu ya taarifa binafsi za watu, ujue unachoruhusiwa kuweka kwenye seva.

Ukuu wa idara? Ukipewa, jiulize kama unapenda mikutano. Wapo wanaoipenda kweli, nao ni wakuu wazuri. Wengine tunakubali kwa ajili ya gari, halafu usiku tunafungua msimbo wa vijana wetu kwa siri na kuusahihisha, jambo linalowaudhi kwa haki kabisa. Mimi nilidumu mwaka mmoja na nusu. Kazi za nje zinazofanywa kwa mtandao pia ni njia, na kijiografia tumebahatika: saa yetu ni ile ile ya Johannesburg na Lusaka, na Brussels wanatofautiana nasi kwa saa moja tu wakati wa baridi yao, wakati wa joto tuko sawa. Lakini kabla ya mstari wa kwanza, jua pesa itakufikia kwa njia gani, na ulipwe sehemu mbele. Naishia hapo kwa hilo.

Sasa Jumamosi.

Wenzako wanadhani saa nane za shaba zikihamishiwa kwenye kompyuta zitakuwa saa nane za kujifunza. Nilijaribu hiyo hesabu nikiwa na umri wako. Saa ya kwanza unasoma. Ya pili unatazama mtu akikusomea. Kuanzia ya tatu umefungua kurasa kumi na nne, umeweka programu mpya kwenye mashine, umeiondoa, na jioni una uchovu wa mtu aliyefanya kazi bila kitu cha kuonyesha. Akili iliyoandika msimbo siku tano haijui kwamba leo ni burudani. Kwake ni siku ya sita.

Wapo pia watakaokutetea kwa hoja ambayo hainiingii sana: kwamba kufua shaba kutakufanya uandike programu bora. Labda. Wewe unajua kuliko mimi kwamba bamba likipigwa sana linakakamaa, ukiendelea linapasuka, na mjomba wako analirudisha motoni mpaka liwe jekundu ndipo lilainike na kukubali nyundo tena. Tena shaba, tofauti na chuma cha pua cha patasi zenu, ukiitumbukiza kwenye maji ikiwa ya moto haigeuki kuwa ngumu. Ni picha nzuri ya mtu na mapumziko yake, na ningeweza kuishia hapo nikapigiwa makofi. Lakini nisikilize sababu yangu yenyewe.

Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Huko nyumbani hatukusema baba ana kazi, tulisema baba yuko Gécamines, kama mtu anavyosema yuko kwao. Kampuni ilitupa nyumba, shule, hospitali, unga, mpaka timu ya kushabikia. Mwaka 2003 ukaja ule mpango wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakapewa pesa ya mwisho na mkono wa kwaheri. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Pesa iliisha mapema kuliko mtu yeyote alivyotarajia, lakini sikushangazwa na pesa. Nilishangazwa na kiti. Baba aliweka kiti mlangoni, akakaa. Alikuwa amejua kitu kimoja kwa miaka ishirini na sita, tena alikijua vizuri mno, na kitu hicho kilikuwa nyuma ya geti ambalo beji yake haikulifungua tena. Jirani yetu wa mkono wa kushoto alitoka siku moja na baba, pesa sawa. Yule alikuwa akitengeneza redio tangu ujana, jioni, kwa kupenda tu, wala hakuwa akitoza watu sana. Naye alifilisika kama sisi. Lakini kwake watu waliendelea kubisha hodi. "Mzee, angalia hii, inakohoa." Alikuwa na sababu ya kuvaa shati asubuhi. Na mama yangu, aliyekuwa na shamba lake dogo njia ya Kasenga, ambalo baba alilicheka miaka yote, ndiye aliyetulisha mahindi mpaka nikamaliza masomo.

Nilipoirudisha beji yangu mwisho wa 2008, niliona kiti kile. Nikaanza kwenda na mama shambani, na kutoka shamba nikajifunza uyoga. Mpaka leo, mvua zikishashika, Desemba na Januari, Jumapili baada ya misa hunipati kwenye simu. Niko kwenye pori la miombo na kikapu. Kuna ule unaolelewa na mchwa kwenye vichuguu vyao, kofia yake ikikomaa inaweza kufika upana wa mita moja, unaubeba kichwani kama mwavuli na watoto wanakufuata. Kuna ile midogo ya manjano inayoota chini ya miti, ambayo akina mama wanaipanga kwa mafungu kando ya barabara. Miaka kumi na zaidi, na bado akina mama hao wananinyang'anya vitu kikapuni na kuvitupa bila maelezo. Huko mimi si mtaalamu wa kitu. Hakuna anayejua kwamba niliwahi kuwa mkuu wa idara. Hilo ndilo ninalolifuata, pamoja na mchuzi wake.

Ndiyo maana nakwambia Jumamosi ya karakana usiiguse. Itetee mapema, kabla hujahitaji kuitetea. Ukienda kwenye mahojiano ya kampuni ya madini, uliza zamu za wikiendi zikoje na uombe ziandikwe. Kwa bosi wako wa sasa, mwambie Jumamosi simu iko karakanani na nyundo zina kelele, seva ikianguka atume mtu. Itatokea mara mbili tatu kwa mwaka, na utakwenda, bila kununa. Ikitokea kila mwezi, tatizo haliko kwenye Jumamosi yako, liko kwenye hiyo seva.

Huyo rafiki wa programu ya simu atakuletea mfano wa Linus Torvalds. Ni kweli, mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki, aliwatangazia watu kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji kama burudani tu, na leo Linux iko ndani ya kila simu ya Android mjini hapa. Lakini mfano huo mwambie ausome mpaka mwisho. Torvalds alipokwisha kuwa na jina, burudani yake ikawa kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni. Mwaka 2011, hakuona programu ya kuandikia safari zake za kuzamia iliyomridhisha, akaandika yake, Subsurface, akaitoa bure. Programu ilikuja kuitumikia bahari. Bahari haikugeuzwa duka. Larry Wall naye, aliyetoa lugha ya programu ya Perl mwaka 1987, alisomea isimu pamoja na mke wake kwa nia ya kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine huku Afrika, waiandikie alfabeti. Afya haikuruhusu. Mapenzi yake ya lugha za watu unayaona mpaka leo ndani ya Perl, bila yeye kuyauza popote.

Kwa hiyo kabla ya kumtengenezea mjomba soko la simu, kaa naye umuulize anakosa nini. Nimezungukia karakana za shaba za mji huu, na sikuwahi kusikia fundi analia kwamba hana programu. Wanalia bamba limepanda bei. Wanalia mnunuzi aliyechukua picha nne kwa ahadi. Wanalia mgeni aliyetaka ya twiga wakati hapa wanajua kufua wanawake wanaotwanga na mitumbwi. Soko la simu litahitaji picha mpya kila wiki, mtu wa kujibu ujumbe, mtu wa kufungasha, na mtu huyo atakuwa wewe, Jumamosi, ukiwa umekaa mbele ya skrini ndani ya karakana huku mjomba akifua peke yake. Utakuwa umeajiriwa mara mbili na hakuna atakayekulipa mara ya pili.

Ukitaka kumsaidia kwa ujuzi wako, mpigie picha kazi zake kwa mwanga wa asubuhi, kabla jua halijang'aa sana kwenye shaba, uziweke mahali pamoja na namba yake ya simu. Nusu saa, umemaliza. Halafu muombe akuonyeshe daftari lake la madeni, kama analo. Mafundi wengi wa umri wake wanalo, limefungwa na mpira. Angalia mstari wa mtu aliyechukua picha kwa dola akalipa nusu kwa franki. Kama pembeni yake, kwa kalamu, ameandika dola ilikuwa franki ngapi siku hiyo, basi mjomba wako alikuwa anajua tangu zamani kile nilichokuja kujifunza mimi mwaka 2010 mbele ya mzee mwenye kikaratasi mfukoni. Ukikuta ameandika, niandikie tena. Nitakuja Katuba Jumamosi moja kuliona daftari hilo.